Penseli ya Kijani ya Daktari Hasselbring

Jambo la kwanza lilikuwa dogo. Jumatatu asubuhi, ndani ya kabati alilolifunga mwenyewe kwa ufunguo, Gerwin Tolksdorf, karani wa ofisi ya makazi, alikuta faili limetiwa alama ya penseli ya kijani. Kijani ni rangi ya mkuu, karani haigusi. Na mwandiko ulikuwa wa Daktari Hasselbring, mkuu wake wa wakati wa vita, aliyekuwa rumande, kesi yake ya uhalifu wa vita ikiendelea.

Jumanne alama zilikuwa mbili. Jumatano kabati lilikwaruzwa kutoka ndani, likatoa harufu ya chokaa mbichi na nywele zilizoungua.

"Ninuse mkono," alimnong'oneza mkewe, Adelheid, jioni ile, viazi vikipoa mezani.

"Sabuni tupu. Mume wangu, kesho wewe ni shahidi tu. Sema hukumbuki, urudi nyumbani. Miaka kumi na tisa hakuna aliyekuuliza kitu."

"Wanasema kadi ya njano aliibuni Hasselbring!"

"Si waseme! Khaa, Gerwin, unamwonea wivu mtu anayekwenda jela?"

Kadi ya njano ndiyo iliyoamua nani apelekwe kambi ya mauaji, na kwa treni ipi. Gerwin aliichora kwa majuma matatu. Hasselbring akaitia saini, akapandishwa cheo.

Alhamisi, mahakamani, mwendesha mashtaka alipoiinua kadi ile na kuiita kazi ya akili ya Daktari Hasselbring, na mzee yule kizimbani akainamisha kichwa kama anayepokea sifa, kitu baridi kilimwegemea Gerwin begani, kikamkwaruza sikioni, kijani, kijani, kijani, harufu ile ikimjaa kooni hata mkono wake ukaingia wenyewe mfukoni na kutoa rasimu ya kadi aliyoificha tangu vita.

"Mwongo! Huyu hajui hata kupiga mstari! Tazameni, mwandiko huu ni wangu!"

Adelheid alijifunika uso.

"Rudia, Bwana Tolksdorf," mwendesha mashtaka alisema kwa upole. "Polepole. Mwandishi wa mahakama anaandika."

Akarudia, pamoja na tarehe.

Ndipo ubaridi ulipombanduka. Mchana kweupe alikiona kitu chembamba, kichwa kimenyolewa, kikipita kati ya viti. Hakuna aliyegeuka. Ila kwenye safu ya tatu, mama mmoja mwenye picha za wanawe wawili wasiorudi kutoka kambini, mapajani, alisogea kando, akatandaza nusu ya shali yake juu ya kiti kitupu.