Karatasi ya Kijani ya Bibi Pascasie

Kila siku saa kumi kasorobo alasiri, basi la shule lilimshusha Joyeuse kwenye kona. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, na kabla hajavua koti lake zito, barua zilikuwa zimeshapangwa mezani zikimngoja.

Joyeuse alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Wazazi wake walifanya kazi kiwandani katika mji jirani wa Savage na kurudi jioni wakiwa hoi, kwa hiyo baada ya shule alikaa kwa jirani yao, Bibi Pascasie, fundi cherehani aliyetoka kambi moja ya wakimbizi na familia yao. Bibi alimsuka nywele, akampa chai na maandazi, kisha akamsogezea barua. Si zake tu. Karibu jengo zima lilileta barua pale: za umeme, za hospitali, za shule. Watu wazima wa jengo lile la mtaa wa Phillips, wahamiaji katika nchi ya ugenini, walijua kulima, kushona na kulea, lakini Kiingereza cha barua kiliwapiga chenga. Hakuna ofisi iliyojisumbua kuwaandikia kwa lugha wanayoielewa. Basi mzigo wa wakubwa ukashushwa kwenye mabega ya mtoto, na kila mtu akauita akili.

"Karani wetu amefika," Bibi alikuwa akisema, na Joyeuse alikuwa akijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa pale, kwamba ana njaa.

Jumanne moja ya mwanzoni mwa Februari, mwaka 2019, juu ya rundo la barua palikuwa na karatasi ya kijani, kurasa nne za maandishi madogo kama sisimizi, yenye mhuri wa jiji. Kilikuwa kijarida cha habari za mtaa. Joyeuse aliona kichwa chake: Huduma za Majira ya Baridi. Akaona maneno juu ya theluji, njia za miguu, wenye majengo, mchanga, namba ya simu. Akaona pia, kupitia dirishani, rafiki yake Fiona wa ghorofa ya pili akimngoja chini na viatu vya kutelezea kwenye barafu mkononi. Uwanja wa barafu ulikuwa ukifungwa saa kumi na moja siku hiyo.

Bibi aliuliza karatasi inasemaje.

"Ni matangazo tu, Bibi," Joyeuse alisema, safari hii kwa Kiswahili ili asiulizwe mara ya pili. "Wanauza viatu vya baridi."

Bibi aligeuza karatasi, akaupapasa ule mhuri kwa kidole, akasema watu wa hapa ni wa ajabu, hata viatu wanavipigia mhuri. Lakini hakuitupa. Alikuwa ameishi kambini miaka kumi na saba, na huko alijifunza kwamba karatasi yenye mhuri haitupwi hata kama huijui. Nyuma ya mlango wake ulining'inia mfuko wa kitenge uliojaa karatasi za namna hiyo. Akaitia humo. Joyeuse alikwisha kuwa ngazini.

Wiki hiyo hiyo theluji ilianguka kama iliyotumwa. Ikaanguka tena, na tena. Kwenye mitaa mingine mtu aliamka akakuta mbele ya mlango wake pamekwanguliwa hadi sakafu. Mbele ya jengo lao hapakuguswa. Watu waliikanyaga theluji wakienda kazini, wakaikanyaga wakirudi, mpaka ikashikana na kuwa barafu ngumu yenye matuta. Msimamizi wa jengo, aliyeitwa Francis, alifika mara mbili kwa gari, akaangalia kutoka dirishani, akaondoka. Hakuwa mwenye jengo. Mwenye jengo hakuna aliyewahi kumwona uso. Zilipita siku tisa. Wapangaji walilalamika ngazini kwa sauti ya chini, kama watu waliozoea kwamba anayelalamika kwa sauti kubwa ndiye anayefukuzwa kwanza.

Joyeuse aliipita barafu ile kila asubuhi akishikilia ukuta. Alikumbuka karatasi ya kijani. Kila asubuhi alijiambia kwamba mtu mwingine ataisoma.

Jumamosi Bibi Pascasie alikuwa na ugeni. Akina mama wa kwaya walikuwa wanakuja kupima sare za Pasaka, na kwao mgeni hapokelewi kwenye kizingiti kichafu. Alichemsha masufuria mawili ya maji, akayashusha moja moja, akayamwaga kwenye ngazi za nje na njia iliyo mbele yake, kisha akasugua kwa ufagio. Ndivyo alivyosafisha baraza yake maisha yake yote. Barafu iliyeyuka, saruji ikaonekana, mvuke ukapanda. Wageni walifika wakasifu. Bibi alifurahi siku nzima.

Asubuhi ya Jumapili alitoka kwenda kanisani. Maji yale yalikuwa yameganda na kuwa kioo. Joyeuse alikuwa nyuma yake, amembebea Biblia. Aliona viatu vya Bibi vikienda mbele, mwili ukibaki nyuma, na mkono wa kulia ukitangulia chini. Alisikia mlio kama wa kijiti kikavu. Bibi hakupiga kelele. Alikaa pale kwenye barafu, amevaa gauni lake la kanisani, akiutazama mkono wake kama kitu cha mtu mwingine.

Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika mahali pawili. Mkono wa cherehani.

Maneno yalianza siku hiyo hiyo. Mmoja alisema bibi amezeeka. Mwingine akauliza ni nani mwenye akili humwaga maji kwenye baridi ile. Hata baba yake Joyeuse, mtu mpole, alitikisa kichwa akasema Mama Pascasie amejikata kwa kisu chake mwenyewe. Joyeuse alikula kwa kuinamia sahani.

Alhamisi saa kumi na moja jioni, Francis alibisha hodi. Kwa mara ya kwanza tangu theluji ianze alishuka garini. Ndani alimkuta Bibi na plasta yake ngumu mkononi, Joyeuse, na Nkatha, mama yake Fiona, Mkenya aliyefanya kazi ya kutunza wagonjwa huko Maplewood, ambaye alipitia kila jioni kukagua vidole vya Bibi. Wakati ule alikuwa jikoni akipasha chakula. Francis alimpa Bibi pole kwa tabasamu, kisha akaweka karatasi mezani na kalamu juu yake. Akamwambia Joyeuse, kwa Kiingereza, amweleze bibi yake kwamba ni jambo la kawaida tu, la kumbukumbu, atie sahihi pale chini.

Bibi aliishika kalamu kwa mkono wa kushoto. "Inasemaje, karani wetu?"

Joyeuse aliisoma. Haikuwa ndefu. Ilisema kwamba mpangaji alimwaga maji kwa hiari yake, kwamba barafu ile ni kazi ya mikono yake, na kwamba mwenye jengo hana lawama yoyote, leo wala baadaye.

Alielewa yote mara moja, kama anavyoelewa mtoto aliyezisomea barua za watu tangu ana miaka tisa. Akisema "ni kawaida tu," Bibi atatia sahihi, Francis ataondoka, na karatasi ya kijani itaoza ndani ya mfuko. Akisema kweli, Bibi atauliza swali la pili, na jibu lake alilijua lilipo. Kalamu ilikuwa tayari imegusa karatasi. Tayari imeanza herufi ya kwanza, P iliyopinda kama ya mtoto wa chekechea.

"Usiandike, Bibi," alisema. Kisha akamsomea kila neno kwa Kiswahili, polepole.

Bibi aliiweka kalamu. "Maji ni yangu," alisema. "Sikatai. Lakini kabla ya maji barafu ilikuwapo siku tisa. Hiyo ilikuwa ya nani? Hapa hakuna sheria inayosema barafu ni ya nani?"

Hilo ndilo swali. Joyeuse aliinuka, akaenda nyuma ya mlango, akatia mkono ndani ya mfuko wa kitenge. Karatasi ya kijani haikuwa hata chini. Ilikuwa juu kabisa. Hakumpa Bibi. Hakuweza. Alimpelekea Nkatha mlangoni mwa jikoni.

Nkatha aliisoma akiwa amesimama, mwiko mkononi. Ilisema kwamba theluji ikikoma, mwenye jengo la wapangaji wengi ana muda wa saa nne za mchana kusafisha njia ya miguu iliyo mbele yake. Asiposafisha, mkazi apige namba ya jiji, tatu moja moja, na asiyejua Kiingereza ataje lugha yake, atatafutiwa mkalimani. Ilisema mchanga wa kumwaga kwenye barafu hutolewa bure. Na kwenye ukurasa wa mwisho ilionya watu wasimwage maji ya moto kwenye ngazi, kwa kuwa yataganda.

"Hii ilikuja lini?" Nkatha aliuliza.

"Wiki mbili zilizopita. Bibi aliniuliza. Nikamwambia ni matangazo ya viatu."

Hakuna aliyepaza sauti. Ingekuwa afadhali mtu apaze. Nkatha alimgeukia Francis, akamwambia kwa Kiingereza chake cha wodini kwamba hakuna sahihi leo, na kwamba anaweza kusubiri hapo hapo amsikilize akipiga simu. Francis hakusubiri. Aliichukua karatasi yake, na ile P iliyopinda ikaenda naye.

Nkatha alipiga, akaeleza, akampa Bibi simu azungumze na mkalimani yeye mwenyewe. Alipomaliza, alikaa kitini kwa uzito.

"Mimi pia nililetewa hii karatasi," alisema. "Mimi ninayejua Kiingereza. Nilitoka zamu nikaitupa kwenye pipa pamoja na kuponi za piza. Basi mtoto asibebe peke yake."

Mkaguzi wa jiji alikuja, akapiga picha barafu yote, ya maji na ya siku tisa. Baada ya hapo, wanaume wawili walitumwa na mwenye jengo wakiwa na mabeleshi na chumvi, wakakwangua hadi saruji. Ilikuwa kazi ya dakika arobaini. Dakika arobaini ndizo alizonyimwa Bibi Pascasie, na vidole vyake viwili havikukunjika sawasawa tena. Sare za Pasaka zilishonwa na mtu mwingine. Hilo, jengo lile halijalisahau, na lisilisahau.

Joyeuse aliendelea kwenda kwa Bibi kila alasiri, kwa kuwa hapakuwa na pengine. Chai ilikuwapo. Barua hazikuwapo. Bibi aliwaambia watu wazipeleke kwingine. Siku ya tano Joyeuse hakuweza kuvumilia, akaomba msamaha huku akilia.

Bibi alimwacha alie hadi mwisho.

"Kambini kulikuwa na kijana mmoja aliyejua kusoma," alisema. "Tangazo likibandikwa, tulimwuliza yeye. Siku moja alikuwa na mpira wa kwenda kucheza. Akatuambia hakuna jipya. Kumbe ilikuwa siku ya kuandikishwa, na ilikuwa moja tu. Familia yangu ilikaa pale miaka sita zaidi. Mume wangu amezikwa pale. Yule kijana hakuwa mbaya. Alikuwa na haraka, kama wewe."

Joyeuse alifuta machozi kwa mkono wa sweta.

"Wenye jengo wana kosa lao na nitawadai mpaka nife. Sisi wakubwa tuna kosa letu: tulikutwisha kazi ya watu wazima tukakuita karani. Ungesema umechoka, ningekuelewa. Lakini ulisema uongo. Ukiwasomea watu, macho yako si yako peke yako. Ukificha neno moja, umemfumba mtu anayekuamini, na anayekuamini ndiye atakayeanguka. Nimekusamehe. Lakini sitasahau, nawe usisahau."

Tangu hapo barua za jengo zilisomwa Jumamosi asubuhi, kwenye chumba cha kufulia, Nkatha na watoto wote wanaojua kusoma wakipokezana. Machi karatasi nyingine ya kijani ilikuja, na zamu ilikuwa ya Joyeuse. Bibi Pascasie alikaa kiti cha mbele, nakala yake mapajani, mkono mbovu juu yake. Joyeuse alisoma habari za kufagia barabara, za kuhamisha magari, za mkutano wa mtaa. Alipomaliza ukurasa wa pili, Bibi aliinua kidole kisichokunjika.

"Hapa kuna aya sita. Umesoma tano."

"Hiyo ni ya kinyesi cha mbwa, Bibi. Na humu hakuna mwenye mbwa."

Watu walicheka. Bibi hakucheka. Alikuwa ameweka kidole juu ya ile aya ya sita, anangoja.

Joyeuse alirudi kwenye aya ile, akaisoma, neno kwa neno.