Nilipika Mbegu za Rafiki Yangu

Nina miaka arobaini na sita, mke wa mtu, mama wa watoto wanne. Shule niliishia darasa la tano, huko kwetu Kongo, milimani juu ya Uvira, kisha vita vikatutoa. Kwa hiyo mnivumilie uandishi wangu. Nina kawaida ya kuandika kwenye daftari mambo ya kila siku... hali ya hewa, nani alinisalimu, nani alinipita. Haya ninayowasimulia nimeyatoa humo. Pale ambapo sina uhakika nitasema sina uhakika.

Sikunyang'anywa mume, wasomaji wenzangu. Wala sikutapeliwa. Katika mkasa huu mbaya ni mimi, ingawa kwa muda mrefu niliapa kwamba mbaya ni mwenzangu.

Mwenzangu huyo namwita Mama Riziki. Tuliishi naye miaka kumi na mmoja kambini, mkoa wa Kigoma, mlango ukitazamana na mlango. Nilipojifungua mtoto wa tatu ni yeye aliyenikanda kwa maji ya moto. Mama yake alipofariki ni mimi niliyemwosha. Ndugu wa tumbo moja nilikuwa sina tena. Nilikuwa na yeye.

Marekani tulifikia Brooklyn Park, jimbo la Minnesota, wao jengo moja, sisi jengo la jirani. Mume wangu alipata kazi kiwandani katika mji wa Savage, mimi nikawa nafanya usafi wa ofisi. Tulikula, tulilala, watoto walisoma. Lakini sisi ni watu wa jembe. Mboga iliyofungwa kwenye nailoni ilikuwa hainipiti kooni, sijui kwa nini. Kila Jumapili baada ya ibada wanaume walizungumzia kazi na magari, sisi wanawake tulizungumzia udongo.

Mume wa Mama Riziki, ambaye ni dereva wa malori ya safari ndefu, akapata mkopo, akanunua shamba mbali kusini, zaidi ya saa moja kutoka mjini. Kulikuwa na nyumba ya zamani ya mbao, banda, na trela moja ambayo mtu anaweza kuishi ndani. Wiki haikuisha, Mama Riziki akaja kwangu. Nakumbuka hata viatu hakuvua.

"Mama Zawadi, mie siwezi kula bugali ya shamba peke yangu. Muje. Trela iko pale inalala bure."

Nikamwambia asinitanie.

"Nani anakutania? Tulilima pamoja kwenye mawe ya kambi, tutashindwa huku kwenye udongo mweusi kama kahawa?"

Tukaacha kazi zote mbili, tukaenda. Tulikubaliana jambo moja: tutakula cha mikono yetu. Dukani tutanunua chumvi, mafuta na sabuni, basi.

Mwaka wa kwanza, nitasema ukweli, ulikuwa mzuri kuliko miaka yangu yote. Tulilima mahindi, maboga, viazi, na lengalenga, yaani mchicha. Tulifuga kuku na mbuzi. Majani ya maboga tulikausha juu ya paa la trela, na watu waliopita na magari walipunguza mwendo kutushangaa. Baridi ilipokuja tulikuwa na viazi chini ya sakafu, na maji tulichota jikoni kwa Mama Riziki, mlango wake ukiwa wazi tangu asubuhi. Binti yangu Zawadi peke yake ndiye aliyenung'unika, tena kwa Kiingereza, kwamba tumemtoa kambi moja tukamleta kambi nyingine.

Na tulikuwa na maharage. Hapa naomba msome taratibu.

Maharage yale yalikuwa ya mama yake Mama Riziki. Meupe, yana mstari mwekundu kuzunguka jicho. Bibi yule alikimbia nayo kutoka mlimani ameyafunga kwenye pindo la kitenge, akayapanda kambini, na alipokufa binti yake akayaleta mpaka Minnesota. Kama iliruhusiwa au haikuruhusiwa, mimi sijui. Kila mwaka tulipanda, tulikula kidogo, na mbegu tulirudisha kwenye kopo la maziwa ya unga, tukachanganya na majivu wadudu wasiingie. Kopo lilikaa kwangu. Tangu kambini mimi ndiye niliyekuwa mtunza mbegu, kwa sababu Mama Riziki alikuwa akisahau kufunika. Alikuwa akisema, "Mie ninapanda, weye unalinda."

Sasa nifike kwenye kosa langu la kwanza.

Kwetu, mtu akikupa mahali pa kulima, unapanda kinachozaa na kuisha. Maharage, mahindi, viazi. Mti hupandi, hata mgomba hupandi. Mgeni akipanda mti anamwambia mwenye shamba, bila kufungua mdomo, kwamba haondoki tena. Na mwenye shamba hagombani naye. Anangoja asiwepo, anachuna gome kuzunguka shina, kama pete. Mti unakufa umesimama. Mgeni akiiona pete ile, anafunga mizigo.

Mtoto mdogo wa kwetu anajua hayo. Na mimi nilijua.

Masika ya mwaka wa pili, mzee mmoja Mzungu wa shamba la jirani alinipa miche sita ya matufaha, yale sisi tunayaita pomu, kwa sababu nilimsaidia kupanga kuni. Nikaipanda mbele ya trela, kwa mstari. Nilijiambia hapa ni Marekani, mambo ya milimani yamebaki milimani. Lakini mbona niliipanda siku ambayo Mama Riziki alikwenda kliniki? Nimejiuliza mara nyingi. Daftari linasema tu, "Leo nimepanda miti sita. Jua zuri." Sikuandika zaidi. Labda niliona aibu hata mbele ya karatasi.

Jioni akaja na kikapu cha mayai. Akasimama.

"Hii miti ni ya nani?"

"Ya watoto, dada."

"Pomu inazaa kisha miaka mingapi?"

"Minne... mitano."

"Ehe," akasema. Akaniachia mayai, akarudi kwake.

Laiti angenitukana! Tangu siku ile "shamba letu" likawa "shamba langu". Salamu ikawa fupi. Mbuzi wake wakaingia kwenye lengalenga yangu mara mbili, na mara zote mbili nilikuta lango limefunguliwa. Nani alifungua? Nilisema ni yeye. Leo sijui, huenda ni upepo, lango lilikuwa bovu. Na mimi sikukaa kimya kama malaika. Kuku wake walipotagia kwenye nyasi za upande wangu, mayai nilikula, sikumwambia.

Baridi ya pili ilipoingia, mlango wa jiko lake ulifungwa kwa ufunguo. Tukawa tunachota maji kwenye bomba la bandani, kwa ndoo, vidole vikiganda mpaka vinalia. Siwezi kusema alitunyima maji, maji yalikuwepo. Alitunyima mlango. Mume wangu alinishauri niende nikamwombe radhi juu ya miti. Nikamjibu kwamba mimi si mtumwa. Neno kubwa hilo... nililitolea wapi?

Theluji ya mwaka ule ilikuwa nyingi, ilikaa miezi. Ilipoyeyuka nikatoka kuangalia miti yangu.

Yote sita ilikuwa imechunwa. Pete! Nyeupe kama mfupa, kuzunguka shina zima, usawa wa goti langu. Chini ya pale gome lilikuwa zima, juu ya pale gome lilikuwa zima. Katikati tu, mahali ambapo mtu akiinama kidogo na kisu mkono wake unafika.

Nilikaa kwenye tope. Sikuhitaji kuuliza. Kwa lugha ya kwetu nilikuwa nimeandikiwa barua.

Zawadi alitoka akanikuta pale. Akaniambia nimuulize kwanza Mama Riziki, sentensi moja tu, itanigharimu nini? Nikamwambia asiyejua kwao asinifundishe.

Jumapili, kanisani Brooklyn Park, ukafika wakati wa ushuhuda. Nikasimama. Nikasema kuna mtu humu ndani, anaimba kwaya, amechuna miti ya watoto wangu kama wachawi wa kwetu wanavyofanya. Kanisa zima ni watu wa milimani, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Mama Riziki akasimama akiwa na sare yake ya kwaya.

"Mama Zawadi, ni mie unasema?"

"Mwenye kisu anajijua."

"Basi leo nimemjua mgeni wangu," akasema. "Jumamosi utoke kwangu. Na kopo langu nitalifuata mwenyewe."

Ningetoka tu, mkasa ungeishia hapo, ungekuwa mkasa wa watu wawili waliogombana. Watu hugombana. Lakini Alhamisi, mume wangu akiwa mjini kutafuta nyumba, nililichukua lile kopo. Nikapepeta majivu. Nikaloweka mbegu zote, sikuacha hata moja, nikazipika kwa kitunguu na chumvi. Watoto walikula. Mimi nilikula sahani mbili. Sitawadanganya, yalikuwa matamu.

Jumamosi akaja. Nikampa kopo. Akalitikisa, halikulia. Akafungua, akaona majivu.

"Ziko wapi?"

"Tumekula."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Badala yake alikaa kwenye ngazi ya trela, kopo magotini, akaingiza kidole kwenye majivu akatafuta pembeni pembeni, kama mtu anayetafuta hereni. Kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Mama Zawadi. Hata ule mwaka chakula kilikatwa kambini, hatukuzila."

Ni kweli. Mwaka ule tulichemsha maganda ya viazi, na kopo lilikuwa limejaa chini ya kitanda changu, na hakuna aliyeligusa.

Tulihamia mji mwingine, Inver Grove Heights. Mume wangu hakurudishwa kiwandani, akahangaika miezi. Kanisani tuligawanyika, waliokuwa upande wangu wakachoka na mimi, waliokuwa upande wake hawakunisalimu. Mimi nilipata kazi kwenye kitalu cha miche, kupanda maua na miti kwenye makopo. Nilijiambia nimeonewa. Niliishi kwa hilo mwaka mzima na nusu.

Kisha ikaja siku moja ya vuli. Msimamizi wetu, mwanamke mpole, akatupa mabomba meupe ya plastiki tuvishe mashina ya miti michanga, kutoka chini mpaka usawa wa kiuno. Nikauliza ya nini.

"Sungura," akasema. Wakati wa baridi hawana chakula, wanakula gome kuzunguka shina, mti unakufa.

Nikacheka kidogo. Nikamwambia sungura ni mfupi, mbona tunavisha mpaka kiunoni?

Akanitazama kama anayetazama mtoto. "Anasimama juu ya theluji," akasema.

Wasomaji wangu... sisi tumetoka mahali ambapo ardhi haipandi juu. Mnyama mfupi ni mfupi mwaka mzima. Ningejuaje? Hivyo ndivyo nilivyojitetea njia nzima kurudi nyumbani. Nilipofika nikafungua daftari la mwaka ule. Nikatafuta baridi. Nikakuta mwandiko wangu mwenyewe:

"Theluji imefika gotini. Kuna nyayo ndogo ndogo kwenye miti, mbili mbili. Watoto wamefurahi."

Niliziona. Niliziandika. Na nilipokaa kwenye tope sikuzikumbuka, kwa sababu sikutaka zikumbukwe. Nilikuwa nimemhukumu tangu siku ile aliposema "ehe".

Nikamchukua mume wangu na mzee mmoja wa kanisa, tukaenda. Mama Riziki alitufungulia. Alitupa viti, akatupa maji ya kunywa, kama adabu inavyotaka. Nikapiga magoti nikaeleza yote, sungura, theluji, daftari. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," akasema. "Mzee Mzungu alinionyesha alama za meno kwenye shina, siku ileile uliyonisema kanisani. Ningekuja kukuambia, ungesadiki?"

Kila mtu pale alijua jibu.

"Ile miti iliota tena kwa chini," akaendelea. "Ilikuwa mizuri. Nikachukua panga nikaikata. Ulisema mwenye kisu ni mie, sikutaka uwe umesema uongo kanisani."

Yule mzee wa kanisa akakohoa, akamwomba atamke basi neno la msamaha. Mama Riziki akasema amenisamehe, hana shida na mimi. Ila mbegu haikuwa yake, ilikuwa ya mama yake, na yeye hawezi kusamehe kwa niaba ya marehemu. Kisha akakusanya bilauri.

Tulipokuwa tunatoka niliona mahali tulipokuwa tunapanda maharage. Hakupanda kitu. Nyasi tu.

Sijaandika haya ili mnihurumie. Yeye naye alikuwa na makosa yake, mlango ule wa jiko ulikuwa kosa, na ile "ehe" ilikuwa kosa. Lakini makosa yake yangeweza kurekebishwa kwa neno moja. Langu lilishachemka kwenye sufuria.

Ndugu zangu mnaotamani kwenda kuishi kwa jembe huku ugenini, nendeni, udongo hauna ubaya. Lakini sheria za kwenu hazibaki mpakani. Unazo tumboni, na aliyekukaribisha anazo pia. Kabla ya kupanda mti, omba. Ukikuta mti wako umechunwa, inama kwanza uangalie kama ni kisu au ni meno. Na ukiwa na hasira, vunja hata sahani, lakini usiguse mbegu.

Kama kuna msomaji aliyetoka milima ile ya kwetu, na ana maharage meupe yenye mstari mwekundu kuzunguka jicho, hata matano, namwomba asinipe mimi. Atafute njia yamfikie Mama Riziki. Na asimwambie kwamba mimi ndiye niliyeuliza.