Kochi la Heshima

Ndugu zangu, nyumba ninayowasimulia ilikuwa na amani kila asubuhi. Fundi, maana ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, alikuwa mjane mtu mzima, mshonaji wa sare za shule. Alikata vitambaa akiwa wima mezani kando ya dirisha, huku mkwe wake, mke wa mwanawe, akimenya viazi na kumpa habari za majirani, za kweli na za kuongezea chumvi. Vicheko havikuisha.

Kisha nyonga ya kulia ikaanza kuuma. Akiamka ilikuwa ngumu kama mlango uliovimba kwa mvua. Akitembea kidogo inalegea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Fundi alilijua hilo, akamwambia mwanawe kwamba anataka kwenda hospitali. Lakini mwana huyo, muuza vipuri mwenye moyo mwema na masikio mazito, alikuwa na dawa yake. Alihamishia cherehani stoo, akanunua kochi la sponji linalomeza mtu, akaweka kengele ndogo pembeni.

"Mama, umetulea vya kutosha," alisema. "Sasa kaa. Ukitaka kitu, piga kengele tu."

Nani angemlaumu? Majirani walimsifu, na sifa zikamlevya. Akatoa amri: mama akionekana amesimama, mke wake ataulizwa. Chakula kikaletwa, maji yakaletwa, hata chooni akawa anashikwa mkono. Fundi alikubali yote, maana aliona kukataa ni utovu wa shukrani. Hapo na yeye alikosea, nami nasema bila kumwonea.

Paja likakonda, mwili ukaongezeka, na ile nyonga iliyokuwa ikilegea sasa haikulegea tena. Maumivu yalipozidi, mwana naye alizidi kumkalisha.

Siku moja mkwe alikwenda sokoni. Haja ndogo ikambana Fundi. Alipiga kengele, akapiga tena, nyumba kimya. Akajaribu kujiinua, lakini kochi lilikuwa chini mno na miguu ikamkatalia. Mkwe aliporudi alimkuta amelowa, uso ameuinamisha kama mtoto aliyekosea. Alimwosha, akambadilisha nguo, wakalia wote wawili. Kilichomtisha Fundi hakikuwa maumivu. Alijiona akimaliza umri wake akisubiri kupelekwa chooni.

Kesho yake mkwe alimpeleka hospitali bila kuomba ruhusa ya mtu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpima, akawaeleza kwamba gegedu la nyonga, lile tabaka laini linalokinga mifupa isisagane, limelika na halitarudi kuwa jipya, ila misuli ikipata nguvu itasaidia kubeba mzigo na maumivu yanaweza kupungua. Akamfundisha kuinuka na kukaa polepole kwenye kiti kigumu cha juu, kuinua mguu kwa pembeni akiwa ameshika meza, kutembea mwendo mfupi mara kwa mara, na kushika fimbo kwa mkono wa kushoto, upande wa mguu mzima. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yasimtishe. Yakidumu hadi kesho yake, apunguze, asiache.

Mwana alipopata habari alihamaki. Watu wangesema anamtesa mama yake. Safari hii Fundi ndiye aliyejibu.

"Mwanangu, heshima yako imenikalisha kwenye mkojo. Niache nisimame."

Maneno hayo yalimwingia, akaomba radhi. Lakini mazoea yana tabu. Siku za mwanzo alitaka kumdaka mama kila anapoinuka, ikabidi mkewe amshike shati. Fundi naye kuna asubuhi aliamka mnyonge, akadai amechoka na mazoezi. Cherehani ilirudishwa dirishani, naye akajifunza kushona kidogo, kuinuka, kunyoosha mguu, ndipo akae tena.

Jioni moja, wote wakiwa mezani, Fundi aliweka kijiko chini, akaegemea mikono ya kiti, akasimama. Mwana akasukuma kiti chake nyuma amfuate.

"Kaa," mama yake akamwambia. "Kula."

Akaenda na fimbo yake, taratibu, mguu ukiburuzika kidogo. Walimsikia akifunga mlango wa choo na kutia komeo kwa ndani. Mwana akaendelea kula, machozi yakimdondokea sahanini.

Funzo

Kumheshimu mzee si kumnyima miguu yake. Nyonga iliyolika hutunzwa kwa kutumiwa kwa kiasi, kwa maelekezo ya mtaalamu, si kwa kuwekwa kwenye kochi. Nawe mzee, ukikalishwa kwa mapenzi, sema mapema. Sisi wana tukae karibu, ila mikono tuitie mifukoni.