Hodi ya Kutoka Ndani

Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, mdogo wangu alijibu "karibu." Nilikuwepo. Niliisikia hodi na nikalisikia jibu.

Mimi ni msimamizi wa nyumba ya makumbusho. Ni nyumba ndogo ya zamani: sebule, chumba cha kulia, chumba cha kulala, na mwisho wa korido, chumba cha nyuma. Aliyeijenga alikuwa mpima ardhi. Vyombo vyake vya kupimia viko sebuleni, ndani ya kabati la kioo. Mkewe hana kitu kabatini. Mdogo wangu ndiye anayewatembeza wageni.

Kazi hiyo anaiweza. Wanafunzi wakija huwaacha nje kwanza. Huingia, hufunga mlango, kisha huwataka wapige hodi kama wageni wa enzi zile. Wakipiga, huwajibu kwa sauti ya kuimba: "Karibuuu." Watoto hucheka. Amejibu hivyo mara nyingi kiasi kwamba siku hizi mdomo hujibu wenyewe.

Nyumbani tunamcheka, kwa sababu yeye mwenyewe hana habari na hodi. Anasukuma mlango kwa bega na kuingia, uwe unavaa, uwe umelala. Mama humwambia, "Wewe mlango kwako ni pazia."

Shida yetu ilikuwa majirani. Wageni walitoka mbali, lakini watu wa mtaa ule hawakuwahi kuvuka kizingiti chetu. Nikaandaa jioni yao, Ijumaa, bila kiingilio. Nikaamua pia tufungue chumba cha nyuma, ambacho miaka yote kilikuwa stoo. Alhamisi mchana tulitoa ngazi, mabango ya zamani na makopo ya rangi. Kikabaki chumba kitupu chenye dirisha dogo la nondo. Mlango wake haukuwa na kufuli, wala alama ya kuwahi kuwekewa kufuli.

Jioni tulikuwa tunapanga viti sebuleni.

"Bosi, viti vyote hivi?" mdogo wangu aliuliza. "Wakija wawili, vilivyobaki nitavikalia mimi, kimoja baada ya kingine."

"Panga."

"Napanga. Makumbusho yako, mgongo wangu."

Ndipo tukasikia.

Ko, ko, ko.

"Hodi."

Sauti ya mwanamke. Ya chini, kama ya mtu asiyetaka kusumbua.

Mdogo wangu alikuwa ameinama, kiti mikononi. Hakuinua hata kichwa. "Karibuuu," akasema.

Kisha akainua kichwa. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, tukiutazama wote wawili. Hapakuwa na mtu.

Hodi ilitoka ndani.

Nyuma yetu, mwisho wa korido, mlango wa chumba cha nyuma ulifunguka taratibu...

Hakutoka mtu. Ilitoka harufu ya sabuni ya kufulia na nguo zilizokunjwa kabla hazijakauka. Ikaja na korido. Ikafika tulipo. Ikaishia hapo.

"Dada," mdogo wangu alinong'ona. "Tuondoke."

Ng'ambo ya barabara kuna mama mshonaji, mwenye cherehani barazani. Tulipotoka alikuwa amesimama, kitambaa bado kiko chini ya sindano.

"Nani kajibu?"

"Mimi," mdogo wangu alisema.

Hakumtazama. Alinishika mkono akanivuta kando.

Akaniambia kwamba mpima ardhi hakuwahi kumfungia mkewe. Alimzoesha tu. Asitoke chumbani mpaka apige hodi, na mume ajibu. Ikawa hivyo miaka na miaka. Kisha mume akafia safarini, na habari zikachelewa kufika.

"Tulimsikia," alisema. "Mimi nilikuwa nimeolewa juzi tu. Hodi asubuhi, hodi jioni. Tukasema, ya mke na mume hayatuhusu. Baadaye sauti ikapungua. Baadaye ikaisha. Mlango haukuwa na kufuli, mwanangu. Angesukuma tu."

"Na sasa amejibiwa."

"Atamfuata aliyemjibu. Akipiga tena, msimjibu."

"Tukimjibu?"

Alitazama nyumba yetu. "Anatoka kabisa. Lakini mama yangu alikuwa akisema kile chumba hakikai kitupu." Akarudi kwenye cherehani yake. Hakushona.

Ijumaa asubuhi tulikuwa mezani, mimi na mama. Chumba cha mdogo wangu kilikuwa kimefungwa.

Ko, ko, ko. Kutoka ndani.

"Hodi."

Mama akacheka. "Leo kapata adabu." Akafungua mdomo ajibu. Niliuziba kwa kiganja changu, chai ikamwagika.

Nilikwenda nikafungua mlango. Mdogo wangu alikuwa amesimama karibu mno, pua ikikaribia ubao, mkono umeinuliwa. Chumba kilinuka nguo mbichi.

"Toka."

"Nimepiga hodi," alisema kwa upole.

"Nimesikia. Toka."

Hakusogea. Nikamshika mkono nikamvuta mpaka nje ya kizingiti. Akapepesa macho, akautazama mkono wake.

"Unanivuta kama mbuzi, kwani nimekula mahindi ya nani?"

Alikuwa yeye. Nilimkumbatia, akanisukuma.

Nilimweleza mama kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu apige hodi kwake mwenyewe, mimi ninyamaze?"

"Unyamaze, umvute."

"Mh."

Jioni ilipofika, mdogo wangu alibaki nyumbani na mama. Mimi sikuweza kuahirisha. Watu wenyewe walikuwa wamekwisha kuanza kuja.

Walikuja wote. Mtaa mzima, wazee mbele. Hakuna aliyekaa kwenye viti. Walijipanga kwenye korido, wakikitazama chumba cha nyuma. Nikaelewa kuwa hawakuja kuona makumbusho.

Mama mshonaji alisogea mpaka mlangoni. "Niliwakataza ninyi," aliniambia. "Jibu hili ni deni letu."

"Karibu, mama," aliliambia giza la mle ndani. "Karibu. Toka."

Mzee mmoja akarudia. Kisha mwingine. Wengine walikuwa wanalia. Neno lile lilipita korido nzima, mdomo hadi mdomo, mpaka likafika kwa watoto waliokuwa nje.

Tukasubiri.

Hapakuwa na hodi. Mama mshonaji aliingiza kichwa chumbani, akavuta pumzi kwa pua. Akavuta tena. Chumba kilikuwa kikavu. Hakikunuka chochote.

Akageuka, akanitafuta kwa macho.

"Mdogo wako yuko wapi?"

Nilikimbia kwenda nyumbani. Si mbali. Nilikuwa kwenye ngazi za kwetu nilipoisikia, ndogo sana, kama ya mtu aliyechoka.

"Hodi..."

Nikaruka ngazi mbili mbili.

"Hodi..."

"Mama, usi..."

"Karibu, mwanangu," mama alisema. "Karibu."

Nilipoingia, mdogo wangu alikuwa ameketi sebuleni, magoti pamoja, mikono juu ya magoti. Mama alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Nilimvuta, akawa mzito," aliniambia. "Amepiga tangu ulipotoka. Sauti ikawa inapungua. Ningefanyaje?"

Mdogo wangu alisimama kwa heshima aliponiona. Aliniamkia, "Shikamoo." Hajawahi kuniamkia tangu azaliwe. Kisha akamgeukia mama na kumwuliza, kwa upole, jikoni ni upande gani.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kufungua makumbusho. Viti vilikuwa kama tulivyovipanga. Chumba cha nyuma nilikiacha wazi Ijumaa. Sasa mlango ulikuwa umefungwa. Kuna mtu alikuwa anausukuma kutoka ndani, kwa bega, bila hodi.

Nilijibu "karibu."

Mlango haukufunguka. Kusukuma kukaendelea.