Nyumba ya Kidole Gumba

Kila jioni mama alihamisha vitambaa vya wateja kutoka mezani kwenda kitandani ili familia ipate kula, na baada ya kula akavirudisha mezani ili watu wapate kulala. Alikuwa fundi cherehani. Vyumba vyao viwili vya kupanga vilijaa nyuzi na vishikizo, hata baba, fundi wa baiskeli, akawa anasema siku moja atasinzia na kuamka ameshonewa kwenye kochi.

Ndiyo maana walikuwa wakitafuta nyumba ya kununua, ya kwanza maishani mwao. Mama alitaka kitu kimoja tu: chumba cha kushonea chenye mlango wake wa nje, wateja waingie bila kumkuta mtu na tonge mdomoni. Kazi ya kuperuzi tovuti za nyumba alipewa binti yao wa miaka kumi na miwili, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza. Agizo lilikuwa rahisi. Kila nyumba yenye chumba cha namna hiyo awaonyeshe, iwe nzuri au mbaya.

Siku moja tangazo lilimfanya acheke peke yake. Kwenye kila picha, kidole gumba cha mpiga picha kilikuwa kimeziba pembe moja. Maelezo nayo yalikuwa ya ajabu: “Chumba cha mbele kina mlango wake. Mlango wa jikoni unakwama, unataka randa. Njooni mchana muone.” Chiriku aliiona nyumba hiyo ya kijivu akawaza rafiki zake watasema nini. Akabonyeza palipoandikwa “Usionyeshe tena,” na nyumba ikatoweka.

Badala yake akawapelekea wazazi nyumba ya rangi ya samawati, nayo yenye chumba cha mlango wa nje, na picha zinazong'aa kama sahani mpya. Chini yake iliandikwa: “Maji yapo wakati wote.” Baba alifurahi sana, maana kwenye vyumba walivyopanga bomba lilitoa maji pale tu lilipojisikia. Dalali alipopigiwa simu alisema wanunuzi wamepanga foleni, hivyo watume malipo ya kuishika nyumba siku hiyohiyo. Baba alikwishaanza kulainika. Mama akakataa katakata, akasema wataiona kwanza kwa macho yao.

Kesho yake dalali aliwapokea mlangoni, maneno yakimtoka kama maharagwe kwenye gunia lililotoboka. Sebule ilikuwa inavutia kweli. Chiriku akaegemeza kiganja ukutani, na alipokiondoa kilikuwa cha samawati. Rangi haikuwa imekauka, na wala isingekauka, kwa kuwa ukuta wenyewe ulikuwa umelowa. Mama akainua ncha ya zulia. Chini yake maji yalikuwa yametulia, yamestarehe kama wapangaji wa siku nyingi.

Baba akamgeukia dalali. “Ndugu yangu, hukudanganya,” alisema. “Maji yapo wakati wote.”

Waliporudi nyumbani mama hakulalamika. Alisema tu kwamba basi, vitambaa vitaendelea kulala kitandani mwaka mwingine. Neno hilo lilimchoma Chiriku. Alikaa kimya mpaka baba akamtazama kwa wasiwasi.

“Chiriku, umemeza nini leo?”

“Baba, kuna nyumba niliificha,” alisema. “Ina chumba cha mama. Niliona picha zake ni mbaya, nikaogopa kuchekwa.”

Mama aliweka chini mkasi. Hakufoka, alivuta kiti, akamwambia aitafute. Chiriku alihangaika na simu hadi akafika kwenye matangazo aliyoyaficha. Nyumba ilikuwa bado haijauzwa.

Walikwenda kuiona mchana. Mwenye nyumba alikuwa mkunga mstaafu, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuomba radhi kwa picha. Alisema mikono yake imepokea watoto wengi bila kutetemeka, lakini simu ilimshinda. Kuta zilikuwa kavu. Chumba cha mbele kilijaa mwanga, na mama alisimama katikati yake akitazama dirisha, tayari anajua cherehani itakaa wapi. Mlango wa jikoni ulikwama kama ulivyoahidiwa, baba akaufungua kwa bega. Hata hivyo hawakukurupuka. Waliuliza majirani, wakahakiki hati kwenye ofisi ya ardhi, ndipo wakalipa.

Siku ya kuhamia, mama alimwita Chiriku kwenye chumba cha kushonea.

“Hukukosea kupenda picha nzuri, mwanangu. Mteja akiniletea picha ya gauni, hata mimi huipenda. Lakini siwezi kukata kitambaa mpaka nimpime mwenyewe. Na ukipewa kazi ya kuwaangalizia wenzako, waonyeshe yote, hata yasiyokupendeza. Macho yalikuwa yako, ila nyumba ilikuwa yetu sote. Nashukuru ulisema.”

Chiriku akaahidi. Kisha akatoka nje kumpigia bibi yake picha ya nyumba. Alipoitazama, kidole gumba chake kilikuwa kimeziba pembe moja. Alicheka, akaituma hivyohivyo, na chini yake akaandika: “Bibi, mlango wa jikoni unakwama. Njoo mchana uone.”