Redio Iliyouliza Jina

Saa kumi na mbili jioni Mwalimu Albina alikuwa amesimama mlangoni kwa fundi Dastan, Mbinga mjini, karatasi mkononi na sweta mbili mwilini. Ukungu wa mwezi wa sita ulikuwa umeshashuka mpaka kwenye mapaa ya soko. Karatasi ile ilikuwa orodha ya vikorokoro vya kuongeza kwenye gari la kulala. Gari lenyewe lilikuwa Coaster ambayo mafundi wa Songea waliing'oa viti vyote, wakaweka kitanda, sinki na kabati, na watoto wa mtaani walishalibatiza jina: Konokono.

Lilikuwa gari lake na mumewe, mzee Mansuetus Kinunda, baba Praygod. Miaka thelathini na minne walilala nyumba moja. Walipostaafu wote wawili, wakasema sasa nyumba nayo itembee.

"Shikamoo Mwalimu. Tuanze na nini?" Dastan aliuliza.

"Marahaba. Anza na pazia."

Pazia zito, ndiyo. Turubai la kukunjua ubavuni, ndiyo, maana jua la ziwani waendako halina adabu. Kamera ya kuonyesha nyuma, ndiyo, tena mbili kama zipo, kwa kuwa baba Praygod hajawahi kurudi nyuma bila kugonga kitu. Taa za rangi za kumetameta?

"Hapana," alisema Albina. "Hatufungui baa."

Ikabaki redio. Na hapo ndipo Mwalimu alipokunja uso.

Redio ilikuwa kazi ya Mansuetus. Miezi mitatu mizima huyu mume hakuwa na wimbo mwingine: spika nne, sabufa chini ya kitanda, kwaya mpaka samaki wacheze. Halafu mchana wa siku ile, ghafla, akasema, "Nenda wewe. Ingia ndani ya gari, kaa, usikilize redio. Sikiliza vizuri, mama Praygod." Kisha akaenda kugeuza kahawa kichanjani, kahawa ambayo alikuwa ametoka kuigeuza muda huo huo. Albina alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na mitano. Uso wa mtoto aliyeficha kitu ndani ya dawati aliujua.

"Redio mzee alishachagua juzi," alisema Dastan. "Alikaa nayo ndani peke yake. Akatoka anatetemeka, hata kuaga hakuniaga. Jana akapiga simu, akasema isiguswe mpaka mama aje aisikilize."

"Umeitoa wapi?"

Dastan alijikuna kichwa. "Kwa wavuvi, kule chini. Ilikuwa kwenye lile gari la matangazo la njia ya Chiwanda."

Kila mtu alilijua gari lile. Pikapu yenye vipaza sauti juu, ikipita kijiji kwa kijiji kando ya ziwa kutangaza misiba. Mwaka juzi iliingia ziwani mchana kweupe. Gari lilivutwa likatoka. Mtangazaji hakuonekana mpaka leo.

"Redio iliyolala majini inafanyaje kazi?"

"Hata mimi nashangaa, Mwalimu."

Albina aliingia. Mlango ukajifunga nyuma yake taratibu.

Ndani kulinuka mbao mpya na gundi. Halafu chini ya harufu hiyo... nyingine. Tope. Tope na usipa wabichi, dagaa wa ziwani, kama ndoo ya wachuuzi iliyosahauliwa juani. Redio ilikuwa imepachikwa ukutani juu ya kitanda. Alikaa. Hakugusa kitu.

Krrr...

Kwaya ikasikika kwa mbali, ikafifia. Ikaja sauti ya mzee, ya taratibu, sauti ya mtu anayesoma karatasi kwa miwani iliyochoka.

"Ndugu Mansuetus Kinunda wa Mbinga mjini... anasikitika kutangaza kifo cha... krrrr... Habari ziwafikie Bernadi Kinunda wa Kigonsera. Kunigunda Kinunda wa Chiwanda. Hilda na mumewe Clemence wa Mapera. Praygod Kinunda wa Songea. Ndugu, jamaa na marafiki popote walipo..."

Kwa mazoea ya kazi, Albina akaita mahudhurio kichwani. Bernadi, shemeji yake, yupo. Kunigunda, wifi yake, yupo. Hilda, mdogo wake, na mumewe, wapo. Praygod, mtoto wao wa pekee, yupo. Mansuetus ndiye anayetangaza. Ukoo wote ulikuwepo.

Hakuwepo mmoja tu.

Yeye.

"Nani mwingine anatoa taarifa?" sauti iliuliza. "Taja jina..."

Redio haikuzimika. Ilingoja. Ndani ya spika palikuwa na mtu anavuta pumzi, na pumzi ile ilikuwa na maji ndani yake.

Albina akabana midomo mpaka ikauma. Bibi yake alimfundisha tangu akiwa na meno ya utoto kwamba sauti isiyo na uso haiitikiwi. Hakuitikia.

Mlango ukafunguliwa. Dastan alichungulia huku anatabasamu.

"Umeziona spika zilivyo nzuri, Mwalimu? Subiri sasa niunge betri, ndipo utasikia mlio wake."

Betri ilikuwa nje, mezani kwake.

Nyumbani Mansuetus alikuwa amepika chai. Mansuetus huyu huyu, ambaye kwa miaka thelathini na minne hakujua majani ya chai yanakaa kopo gani. Alimvutia mkewe kiti. Akamimina kikombe, akakisogeza mbele yake kwa mikono miwili.

"Umesikiliza?"

"Nimesikiliza."

"Ikasema nini?"

"Kwaya," Albina alidanganya.

Uso wa mzee ukasinyaa. "Kwaya tu? Haikukuuliza kitu?"

Loo! Kumbe anajua.

"Redio iniulize nini, baba Praygod?"

Mansuetus alitazama kikombe, naye Albina akakitazama. Chai ikatoa mvuke, ikapoa, ikafanya utando juu. Hakuna aliyeigusa. Kikulacho ki nguoni mwako, Albina aliwaza, na wazo lile lilimuuma kuliko hofu yenyewe, kwa sababu alimpenda mtu huyu. Alimpenda na mikoromo yake na kwaya zake. Sasa alikuwa amekaa naye meza moja akijiuliza kwa nini ametangaza kifo chake.

Kesho yake mchana walianza safari. Kunigunda alishaambiwa wanakuja Chiwanda, na kuahirisha kwenda kwa wifi yule ni kununua ugomvi wa mwaka mzima. Lakini si hilo lililompandisha Albina garini. Alitaka kujua. Mwalimu hakimbii darasa lake, hata likiwa na nyoka.

Barabara ya kushuka ziwani ina kona nyingi. Albina alikaa mbele, mkono kwenye kitasa cha mlango. Kila kona ilipofika hakutazama barabara, alitazama mikono ya mumewe. Mansuetus aliendesha polepole mno, kama amebeba trei ya mayai, na polepole ile ndiyo iliyomzidishia mashaka. Tangu lini? Mtu huyu alizoea kushuka milima akiimba.

Walipita Mbamba Bay bila kusimama. Mbele kidogo, mahali ambapo njia inakaribia maji na hakuna nyumba, Mansuetus alikata usukani, akazima injini. Jua lilikuwa limeinamia upande wa ziwa. Maji yalikuwa yametulia kabisa.

"Mbona hapa?" Albina aliuliza.

"Ni hapa ndipo lile gari lilipoingia." Alikuwa analia. "Twende nyuma, mke wangu. Nakuomba."

Mwili wote wa Albina ulimwambia kimbia. Alipiga moyo konde, akaenda.

Walikaa kitandani bega kwa bega. Redio ilikuwa imezimwa. Harufu ya tope ikaanza kupanda, kwanza kidogo... halafu nyingi... mpaka macho yakawasha.

"Ulinitangaza," Albina alinong'ona.

"Nilijibu swali tu." Mansuetus alijifuta uso kwa kiganja. "Nilikaa hapa siku nilipoichagua. Ikaniuliza jina la mtoa taarifa. Mama alipofariki nilisimama dirishani pale kituo cha redio kupeleka tangazo, swali la kwanza likawa hilo. Kaka alipofariki, hilo hilo. Nimezoea, Albina! Mdomo ulitangulia. Nikasema jina langu lote, na mahali ninapokaa. Ndipo ikaanza kusoma. Ikataja kila mtu ila wewe."

"Kwa nini ukanipeleka kwake?"

"Ili na wewe ikuulize. Utaje lako. Wewe ukiwa mtoa taarifa, basi mimi ndiye..."

Albina alimtazama. Alitaka kumwamini, Mungu anajua alivyotaka. Lakini mashaka yakishaingia ndani hayatoki kwa kuombwa. Je, kama mambo ni kinyume? Kama kutaja jina ndiko kunakokamilisha karatasi, na hiki ndicho alichotumwa, kumtoa jina mdomoni? Na kama anasema kweli, je? Basi akilitaja atakuwa amemuua kwa ulimi wake, amwache hapa, arudi Mbinga peke yake na nyumba inayotembea.

Krrr...

"Sema, Albina," Mansuetus alinong'ona. "Nakusihi. Sema jina lako."

"Ndugu Mansuetus Kinunda wa Mbinga mjini..." Sauti haikutoka kwenye spika moja. Ilitoka zote nne, na ya tano ikatoka chini ya sakafu. "...anasikitika kutangaza kifo cha..."

Ikanyamaza.

Ikavuta pumzi yake ya maji.

"Nani mwingine anatoa taarifa? Taja jina."

"Sema!"

Albina alisimama. Sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya darasani, iliyowahi kunyamazisha watoto themanini.

"Futa jina lake. Na langu usiandike. Hapa hakuna msiba, na hakuna wa kutoa taarifa. Futa!"

Kisha wakasikia, wote wawili, karatasi ikikunjwa. Kalamu ikakwaruza mkwaruzo mmoja mrefu.

"Limefutwa," ilisema sauti.

Redio ikazimika. Harufu ikakatika pale pale, wakabaki na mbao mpya na gundi. Nje, kunguru alilia juu ya turubai, na mlio wake ulikuwa mtamu masikioni mwao. Mansuetus alimkumbatia mkewe, wakalia, halafu wakacheka, halafu wakalia tena kama watoto waliofokewa.

"Ulidhani nataka kukuua," alisema mzee.

"Nilidhani."

"Hata chai hukunywa."

"Chai yako, baba Praygod, hata bila uchawi ingeniua."

Mansuetus alichukua bisibisi kwenye kabati. Aliing'oa redio pamoja na nyaya zake, akashuka mpaka majini, akaitupa mbali kadiri mkono wake wa kizee ulivyoweza. Ikazama bila kishindo. Albina, amesimama mlangoni mwa gari, aliona viduara vya maji vikipanuka, akavuta pumzi ya kwanza nzuri tangu jana. Aliona haya. Miaka thelathini na minne, na kikombe kimoja cha chai kilitosha kumfanya amwone mumewe muuaji. Leo wakifika kwa Kunigunda angemwomba mumewe radhi kwa magoti.

Simu ikaita mfukoni mwake. Alipoona jina akatabasamu.

"Shikamoo mama," alisema Praygod kutoka Songea.

"Marahaba mwanangu. Tuko ziwani, tunakaribia kwa shangazi yako. Baba yako huyu hapa, analowanisha viatu."

Sauti ya Praygod ikawa ya mtu anayepima maneno.

"Kwa hiyo mko wazima? Maana kuna mzee wa redio amenipigia sasa hivi. Anasema wazazi wamekataa kutoa taarifa, kwa hiyo anamwandikisha mtoto. Laini yake inakoroma, kama ana maji kooni."

Albina alimtazama mumewe anayerudi kutoka majini, suruali imelowa mpaka magotini, akimpungia mkono.

"Praygod," alisema. "Umemjibu nini?"

"Aliniuliza jina langu, mama. Nikamtajia. Halafu akasema anaandika vifo viwili. Vifo viwili vya nani, mama?"