Ukuta Juu ya Ngazi

Mimi sipambi maneno. Anayetaka kubisha na abishe. Haya yalimpata rafiki yangu, fundi mwashi, alipokwenda na mkewe kutembea kwa miguu siku tatu katika mji mkongwe wa kusini.

Siku ya pili, mchana kweupe, waliingia kwenye mnara wenye ngazi za kuzunguka. Ndani giza totoro. Fundi, kama kawaida yake, akabaki chini akipapasa chokaa ya kale. Mkewe akatangulia.

"Baba watoto, unataka kuuoa huo ukuta?" akamtania kutoka juu. "Panda basi!"

"Nakuja, mama. Usikimbie."

Akapanda akifuata mlio wa viatu vya mkewe, mpaka akajigonga uso ukutani. Ngazi zilikuwa zimezibwa. Akapapasa kote: hakuna mlango, hakuna ufa, na chokaa ilikuwa kavu, ya miaka mingi. Wala njiani hakupishana na mtu.

Viatu vya mkewe vilikuwa bado vinapanda, upande wa pili.

Akaita. Akapiga ukuta mpaka mikono ikatoka damu.  Mkewe alisikika akicheka kidogo, kisha akasema, "Taratibu, mume wangu. Mbona unanivuta mkono?"